Watu Arobaini na Watatu wa Sepuka

Nianze kwa kujisifu, vijana, mnivumilie, maana nikianza na lile jingine sitafika mbali. Mimi Jumanne, darasa la saba, sijakalia dawati la sekondari hata siku moja, ndiye mtu wa kwanza katika mkoa huu kupunguza memori ya seva huku seva yenyewe inafanya kazi. Haikuzimwa. Watu walikuwa wanaandika na wanasoma, na mimi chini yao nabadilisha kila kitu bila wao kuhisi. Wahandisi wawili kutoka Dar es Salaam, wenye tai na vyeti, walisimama nyuma yangu. Mmoja akauliza, "Huyu fundi kasoma wapi?" Nikamjibu bila kugeuka, "Kwenye redio mbovu."

Leo nina nyumba mbili Unyambwa na mashine ya kukamua alizeti. Macho yalipoanza kukataa skrini niliiacha kazi kabla haijaniacha. Mnakuja kunipigia hodi, mnakunywa chai yangu, na wote mnauliza swali lile lile: mzee, uliandika amri gani? Amri ni mstari mmoja, hata leo naweza kuuandika nimefumba macho. Lakini kuna swali jingine ambalo hamliulizi, na mimi siku ile sikuliuliza. Ndiyo maana nimekaa kuandika.

Mliozaliwa juzi hamjui jinsi miaka ile ilivyokuwa. Kabla yake redio ilikuwa kitu cha mtu mwenye cheo. Ghafla milango ya biashara ikafunguliwa, maduka ya mjini yakajaa redio za kaseti, televisheni zilizotumika Ulaya, pasi, feni, na vyote vikawa vinakufa kwa zamu. Mimi nikafurahi. Nilikuwa na meza, koleo na chuma cha kulehemu. Kompyuta zilipofika nilizifungua kama nilivyofungua redio: toa vumbi, nusa palipoungua, fuata waya. Wenzangu waliziogopa. Mimi sikuwa na elimu ya kuniogopesha.

Milango hiyo hiyo ilipofunguliwa, wengine walitolewa nje. Mzee Ntandu alikuwa karani wa chama cha ushirika miaka ishirini. Wanunuzi binafsi walipoingia vijijini na malori yao, ushirika ukaanguka, na karani wake akapewa barua. Alikuwa mwembamba, mrefu, mtaratibu, na kila siku alivaa sweta ya kijivu hata jua likiwa kali. Baadaye hospitali moja ya binafsi ilifunguliwa nje ya mji, jina lake silitaji, wakamchukua kwenye chumba cha kumbukumbu za wagonjwa. Huko ndiko tulikokutana, mimi nikiwa fundi wa kuitwa, kisha fundi wa kudumu.

Katika kazi zake zote, moja tu ndiyo iliyomnyima usingizi: orodha ya wachangia damu. Mjue wakati ule damu ya akiba haikuwepo ya kutosha, na watu wa vijijini hawakuwa na simu mfukoni. Mama akiletwa anavuja damu baada ya kujifungua, lazima ujue nani ana kundi lake, yuko kijiji gani, nyumba ipi. Mzee alikuwa anachukua baiskeli na mtu wa maabara, wanakwenda Ilongero, wanakwenda Sepuka, wanatoboa watu vidole, wanaandika. Si jina tu. Aliandika "nyuma ya josho, nyumba yenye mlango wa bluu, asubuhi yuko shambani." Mama akihitaji damu, Zainabu, karani wa pili, anaandika kundi kwenye kompyuta, majina yanatoka, dereva anawasha pikipiki. Nimeona mtu anashuka kwenye pikipiki hiyo na matope ya shamba miguuni, anakunja mkono wa shati, anatoa damu, anaulizia chai, anarudi kulima.

Na watu walikubali kwa sababu ya Mzee. Kwetu huku mtu hakupi kidole chake ukichome kwa kuwa umevaa koti jeupe. Mzee alikuwa anakaa. Anakula ugali wa uwele, anasikiliza habari za ng'ombe aliyepotea, kisha ndipo anatoa daftari. Mtu mmoja anamchukua nusu siku. Mimi nilikuwa namcheka.

"Mzee, kwa mwendo huu utamaliza mkoa ukiwa na miaka mia."

"Na wewe kwa mwendo wako, fundi," ananijibu, "utamaliza mkoa bila kumjua mtu."

Sasa seva. Hospitali iliinunua ikiwa imetumika, kutoka kwenye shirika moja lililokuwa linauzwa vipande vipande. Ilikuja kwenye lori la magunia ya vitunguu, na mwezi mzima chumba kilinuka vitunguu. Niliiwekea betri nne za lori na kibadilisha umeme nilichotengeneza mwenyewe, na umeme ukikatika, seva haikujua. Wahandisi wa Dar walipoona zile betri walicheka. Nikawaambia, "Chekeni, lakini umeme haujaisimamisha hii tangu ifike. Zenu zinasimama mara ngapi?"

Kitabu chake kilikuwa cha Kiingereza, kinene kama tofali, na mimi Kiingereza changu kiliishia "good morning teacher." Aliyenisomea ni Mzee Ntandu. Kila mchana, akishamaliza mafaili ya wagonjwa, tunakaa naye, anasoma mstari, ananitafsiria, naurudia. Vijana, mimi najiita niliyejifundisha mwenyewe, na nimelisema hilo kwenye harusi na kwenye mikutano. Si kweli. Nilifundishwa na mtu mwenye sweta.

Jambo la memori alinieleza kwa meza, na sijapata maelezo bora kuliko hayo. Databesi ni stoo yenye mafaili. Kwenda stoo kila mara ni kupoteza muda, kwa hiyo mnaweka meza moja kubwa katikati ya chumba, mafaili yanayotumika yanawekwa hapo, kila karani anayatumia. Hiyo meza ndiyo memori ya pamoja. Meza ikiwa ndogo, makarani wanashinda njiani kwenda stoo. Ikiwa kubwa mno, inajaza chumba, wengine wenye kazi zao wanakosa pa kusimama. Unataka kuiongeza huku watu wanafanya kazi? Inawezekana, mradi siku ya kuwasha ulitangaza mwisho wake utakuwa wapi, yaani uliacha nafasi ukutani. Unataka kuipunguza? Unaipunguza kipande kwa kipande. Kwanza mafaili ya kile kipande yarudi stoo, kisha unakikata. Lakini karani akiwa ameweka kiwiko juu ya faili moja la kipande hicho, huwezi. Unasubiri atoe kiwiko.

"Na asipotoa?" nilimuuliza.

Mzee akafunga kitabu, kidole ndani. "Unamwendea, unamuuliza ameshika nini. Mimi ushirika uliponipunguza hakuna aliyeniuliza. Nilikuwa na madaftari ya wakulima wa vijiji sita mkononi. Mpaka leo sijui waliyapeleka wapi."

Kosa langu la kwanza lilikuwa la ukutani. Mzee alikuwa anasoma ule ukurasa unaoeleza mwisho wa meza, mimi nikamkatiza, "Nimeelewa, Mzee." Akasema, "Umeelewa nusu." Nikawasha seva nimeweka mwisho pale pale meza ilipoishia, nikiona nabana matumizi. Baada ya miezi miwili nataka kuongeza, inakataa. Ikabidi tuzime, hospitali nzima ikarudi kwenye karatasi kuanzia asubuhi hadi adhuhuri, na Sista Paulina, mkuu wa wauguzi, akaniita "fundi wa kuzima" mbele ya wagonjwa. Siku hiyo nikaacha nafasi kubwa. Nanyi acheni nafasi. Siku ya kuwasha mashine weka mwisho mbali kuliko unavyohitaji, maana baada ya hapo kila kitu utakachokifanya kitaishia kwenye mstari ule.

Ilikuwa mara ya mwisho seva ile kuzimwa. Miaka ikapita. Diski yake ikaanza kutoa sauti, mlio mwembamba kama wa mbu. Sauti hiyo naijua tangu kwenye kaseti: ni kitu kinachozunguka kwa sababu tu hakijasimama miaka mingi. Kikisimama kikapoa, hakiamki tena. Na mashine ya kunakilia kwenye kanda ilikuwa imekufa kwa vumbi, tunasubiri nyingine itoke Dar. Kwa hiyo majina yote, Ilongero, Unyambwa, kote, yalikuwa juu ya ile diski peke yake. Kuizima ilikuwa kucheza na damu za watu. Nilisema hivyo kwa daktari mwenye hospitali, nikasisitiza, na hapo nilikuwa sahihi. Nataka hilo lijulikane. Hapo nilikuwa sahihi.

Kisha Mzee akaugua. Alikuwa ametoka Sepuka, safari ya wiki tatu, akanyeshewa njiani. Alirudi Jumatatu, daftari limeloa, kurasa zimeshikana, wino umevuja. Akakaa kwenye kompyuta yake siku nzima anaingiza majina, mengine kwa kusoma madoa, mengine kwa kichwa chake. Jioni Zainabu alimwona amevua viatu, miguu imevimba. Kesho yake asubuhi alilazwa, wodi ya wanaume, kitanda cha dirishani. Figo, alisema daktari, na akasema kwa sauti ya chini.

Hapa ndipo mnatakiwa kutuelewa watu wa huku. Mgonjwa wetu haambiwi habari za kazi yake. Ukimuuliza funguo umeweka wapi, au hili faili ulifikia wapi, ni kama umemwambia hutarudi, tupe tuendelee. Ukienda kumwona unampa pole, unamweleza mvua, mbuzi waliozaa, nani kaoa. Unamwambia wiki ijayo tutakuwa pamoja. Na kule ofisini hakuna aliyegusa meza yake. Kiti kilikaa na sweta mgongoni. Kompyuta yake iliachwa inawaka kama alivyoiacha, imejifunga kwa neno lake la siri. Zainabu alikuwa anaifuta vumbi kwa ncha ya khanga, taratibu, asije akabonyeza kitu. Kuizima ingekuwa kumzika.

Wiki mbili zikapita hivyo. Nilikwenda kumwona mara nne. Mara ya nne ilikuwa siku moja kabla ya kazi yenyewe. Alikuwa amekonda, macho tu.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, fundi. Habari za kule?"

"Njema kabisa. Mvua imenyesha Ilongero, alizeti zimesimama."

"Na kule ofisini?"

"Njema, Mzee. Wewe pumzika."

Aliniangalia kwa muda kama mtu anayesubiri basi. Nikamweleza habari za mbuzi wa jirani yangu aliyekula khanga ya mama mkwe. Akacheka kidogo kwa adabu. Nikaondoka nikiona nimemfariji.

Kesho yake wale wahandisi wawili walikuja na mashine mpya ya maabara. Programu yake ilitakiwa ikae kwenye seva ile ile. Wakaiwasha, na ndani ya nusu saa kila kitu kikawa kinatambaa. Meza yetu ilikuwa imejaza chumba. Zainabu anatafuta kundi la damu, jibu linachukua dakika kumi. Na siku hiyo kulikuwa na mama amefanyiwa upasuaji, anasubiri.

Wahandisi wakasema, "Rahisi. Zima, badilisha namba, washa."

Nikasema, "Haizimwi."

"Fundi, kila seva duniani inazimwa."

"Hii ikizimwa haiwaki. Kaeni pembeni muone."

Nikaandika ule mstari. Meza ipungue kwa theluthi moja. Nikakaa, nikakunja mikono, naangalia vipande vinavyokatika: cha kwanza, cha pili, cha tano. Zainabu hakujua, yeye anaona tu jibu linakuja haraka zaidi. Wahandisi wakasogea. Cha kumi na mbili, cha kumi na tatu. Kisha ikasimama. Kipande kimoja hakikati. Dakika tano, dakika kumi, inasubiri. Na kama hakikatwi hicho, vyote vinavyofuata vinasubiri nyuma yake. Yule mwenye tai nyekundu akatazama saa.

Nikatafuta nani ameweka kiwiko. Akatokea mmoja: kompyuta ya Mzee Ntandu. Iko wazi tangu Jumatatu ile, haifanyi kitu, imeshikilia.

Nikaenda chumba cha kumbukumbu. Zainabu akasimama mbele ya ile meza kabla sijafungua mdomo.

"Jumanne, usiiguse."

"Imekwama kwake."

"Isubiri. Atapona atakuja aifunge mwenyewe."

"Mama wa watu anasubiri damu, Zainabu."

"Basi nenda kamuulize."

"Nikamuulize nini? Nimwambie Mzee, tunataka kufunga kompyuta yako? Kalala pale na mipira puani?"

 Zainabu naye asingeweza kumuuliza, nilijua. Akasema tu, "Kwa mkono wako usiiguse."

Sikuigusa. Nilirudi kwenye seva, nikamkata kwa mbali. Mstari mmoja. Kulikuwa na mstari mwingine, wa kuangalia kwanza kama huyu mtu aliyekaa kimya ana kitu alichoandika na hajakihifadhi. Naujua huo mstari. Mzee ndiye aliyenisomea, ukurasa wa juu, upande wa kushoto. Lakini tai nyekundu ilikuwa inatazama saa, na mimi nilishajiambia kwamba mtu aliyekaa kimya wiki mbili anasoma tu, hana kitu mkononi. Nikabonyeza. Kipande kikakatika, vilivyobaki vikafuata kimoja baada ya kingine, seva ikapumua. Jibu la damu likaja papo hapo, majina manne, dereva akatoka. Mama yule aliishi, na mtoto wake. Wahandisi wakanipa mkono. Mmoja akanunua soda. Nikanywa nimesimama, nikiwaeleza habari za redio.

Soda haijaisha, Zainabu akasimama mlangoni, hakuingia ndani.

"Jumanne. Sepuka haipo."

"Haipo vipi?"

"Nimetafuta Sepuka mpya, ile ya safari ya mwisho. Hakuna hata jina moja."

Nilijua kabla hajamaliza. Mzee alikuwa na tabia moja niliyomgombeza nayo mara nyingi: hahifadhi mpaka kijiji kimalizike. Anaingiza majina yote, anakaa nayo, anayarudia, anajiuliza huyu ni Njiku au Njou, kisha ndipo anahifadhi yote pamoja. Jina la mtu, alikuwa anasema, siwezi kuliweka nusu nusu. Safari hii, kwa daftari lililoloa, alikuwa na majina ya kufikiria. Akaenda kulala ili afikirie. Na nilipomkata, seva ikafanya kama inavyotakiwa kufanya: kilichokuwa hakijahifadhiwa ikakifuta, safi kabisa, kama hakikuwahi kuandikwa. Daftari lenyewe Zainabu alilikuta limekuwa bonge la karatasi lenye ukungu, na mtu wa maabara alikuwa anapima damu tu, majina hakuyashika.

Nilikwenda wodini mchana ule ule. Sikwenda kukiri, msinipambe. Nilikwenda kwa sababu miguu ilikwenda.

Alikuwa macho. Sista Paulina alikuwa anamlisha uji, akaniachia kijiko akaenda kwa mgonjwa mwingine.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Nimesikia mashine imekuja."

"Imekuja. Tumeiwekea nafasi. Hatukuzima seva, Mzee. Nimeipunguza ikiwa inatembea."

Akatabasamu hadi meno yakaonekana. "Umeweza?"

"Nimeweza."

"Bila kuzima?"

"Bila kuzima."

"Kijana wangu," akasema. Hajawahi kuniita hivyo. Kisha akasema, "Na wale wangu wa Sepuka wapo?"

Vijana, mdomo wangu ulijibu wenyewe. "Wapo, Mzee. Wote."

"Nisomee."

Mfukoni nilikuwa na karatasi ya wahandisi, orodha ya nyaya. Nikaikunjua. Nikasoma. "Hamisi Juma, kundi O. Maria Yohana, kundi A. Petro Emanueli..." Majina ya kubuni, majina ya mtu yeyote. Mzee alikuwa amefumba macho. Nilipofika la nne akanyanyua kidole kimoja kutoka kwenye shuka.

"Jumanne. Huyo hayupo Sepuka."

Nikaishusha karatasi.

"Hata mmoja wa hao hayupo Sepuka. Kwani umezima?"

"Sikuzima, Mzee. Nilikukata wewe."

 Nilidhani atanitukana, na ningeshukuru.

"Siku zote hizi," akasema, "mnakuja hapa mnanieleza habari za mvua."

"Ningekuulizaje, Mzee, ukiwa unaumwa?"

"Naumwa figo. Kichwani naumwa nini?" Akavuta pumzi. "Kila aliyeingia pale mlangoni nilisema huyu ataniuliza. Mimi mwenyewe niliona haya kusema, nisije nikaonekana nagawa urithi. Ninyi mmeniletea uji tu." Akafungua macho. "Una kalamu?"

"Ninayo."

"Ni watu arobaini na watatu. Andika."

Nikageuza karatasi ya nyaya. Akaanza. Hakuanza na majina. Alianza na njia. Ukitoka barabara kubwa, nyumba ya kwanza kulia yenye zizi la miba, Elibariki Njiku, kundi O. Anayefuata, mama mjane, Hawa Salimu, O hasi, huyo mpigie alama, ni adimu, na ukimfuata nenda asubuhi kabla hajaenda kuteka maji. Alikuwa anatembea kijiji kizima akiwa amelala, nyumba kwa nyumba, na mimi namfuata na kalamu. Akikosea njia anasimama. "Hapana, turudi. Tumempita Yohana." Tunarudi. Sista Paulina alikuja mara moja kusema apumzike. Mzee akamwambia, "Niache, Sista, niko kazini." Sista akaniangalia kwa macho mabaya, kisha akavuta pazia ili jua lisimpige.

Kumi na tano. Ishirini. Ishirini na nane. Sauti ikawa inaisha katikati ya majina, naweka sikio mdomoni mwake. Wa thelathini na moja alikuwa Selemani mwenye cherehani, kundi B. Kisha akasema, "Sasa tunavuka korongo." Akapumzika. Nikasubiri. Nikasubiri avuke. Alikuwa amelala.

Nikajiambia kesho tutaendelea. Nikaenda kuyaingiza yale thelathini na moja, nahifadhi jina moja moja, Zainabu ananisomea. Kesho yake saa nne asubuhi nilirudi na karatasi mpya, ndefu. Kitanda kilikuwa kimetandikwa.

Mashine ya kanda ilikuja baada ya mazishi, nikanakili kila kitu mara tatu. Ile diski ilisimama yenyewe mwaka uliofuata na haikuamka, kama nilivyosema. Nilikuwa sahihi, nimeshawaambia.

Matanga yalipokwisha nilichukua baiskeli, si pikipiki, nikaenda Sepuka na karatasi. Nilipita nyumba zote thelathini na moja, zote zilikuwa pale alipozisema, zizi la miba, cherehani, kila kitu. Kisha nikavuka korongo. Upande wa pili hakuna aliyenijua. Nasema natafuta watu waliotobolewa kidole na Mzee Ntandu, wananitazama. Mama mmoja alikuwa anapepeta uwele uani, akaacha ungo.

"Mimi aliniandika," akasema. "Aliniambia nimo."

"Humo, mama."

"Nimo. Aliandika naona."

Ningeweza kusema daftari liliharibika kwa mvua, na isingekuwa uongo wote. "Mzee alikuandika," nikasema. "Mimi ndiye niliyekutoa. Nilikuwa na haraka."

Akanitazama kuanzia viatu hadi kofia. "Mzee alikaa hapa mpaka jua likapinduka ndipo akaniuliza jina. Wewe hata maji hujanywa, unataka jina."

Nikakaa. Nilikaa Sepuka siku tano, mimi niliyemcheka. Nikala walichonipa, nikasikiliza habari za ng'ombe. Ng'ambo ya korongo nilipata watu tisa, akiwemo yule mama. Wengine walikataa kusema kama walitobolewa au la, na siwezi kuwalaumu. Kidole chao walimpa mtu, hawakunipa mimi. Nilirudi tena mwaka uliofuata, na mwingine. Tisa ni wale wale.

Thelathini na moja na tisa ni arobaini. Hesabu hiyo hata darasa la saba anaiweza.

Watatu sijawapata mpaka leo, na sijui kundi la damu yao, na sijui kama kuna siku mtu aliletwa pale hospitali akafa kwa kukosa mmoja wao, naye huyo yuko hai ng'ambo ya korongo, anapalilia, akiamini yumo. Kwa hiyo ninyi mnaokuja kuniuliza amri, nami nina swali langu. Kama una baba au mama au bibi wa Sepuka, ambaye miaka ile alimpa kidole mzee mwembamba wa baiskeli, akaambiwa umeandikwa, mwambie hayumo. Mwambie aliyemtoa anaitwa Jumanne, yuko Unyambwa, na yuko tayari kuja kukaa.